Uji wa Mama na Ubishi wa Tangawizi

Jamani, mvua ya leo imenikumbusha siku watu wazima wawili walipobishana chumbani kwa mama yangu juu ya kipande cha tangawizi.

Ilikuwa masika, miaka michache baada ya Mapinduzi. Tukikaa Jang'ombe, mjini Unguja.

Mama alikuwa na homa, na siku ya tatu ile hajatia kitu mdomoni. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilishaanza kuogopa.

Akaja daktari wa Kichina kumtazama, mpole, mwenye maneno machache ya Kiswahili.

"Mvua nyingi, tumbo baridi," akaniambia. "Pika uji wa mchele. Tangawizi mbichi."

Nikapika, daktari akingoja, nikauweka kando ya kitanda upoe.

Hapo akaingia Bi Kanta, jirani yetu Mhindi, ambaye babake alikuwa mganga wa dawa za kwao. Akaunusa ule uji.

"Mbichi, masika hii? Hutiwa kavu, na choroko."

"Mbichi," akasema daktari.

"Kavu."

"Mbichi."

Mie nimesimama katikati, sijui nimtii nani. Bi Kanta ndiye aliyemsaidia mama kunilea, na daktari ni daktari.

Mara tukasikia kijiko kinagonga bakuli.

Kugeuka, mama kakaa kitako, kashamaliza nusu.

"Endeleeni tu," akasema. "Mie nnakula."

Bi Kanta alicheka mpaka akakaa chini. Daktari naye akacheka. Mie nikalia.

Haya, nyie kwenu masika mnatia ipi?