Nukta Mbili kwenye Spana

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Miaka kumi ya kuchimba dhahabu duarani, yaani shimoni, kule Geita ilinizoesha kwamba kisichotaka kutoka kinapigwa nyundo mpaka kitoke. Kwa hiyo Jumapili ile mama aliponipigia simu kuniambia, "Njoo nyumbani Nyasubi unisaidie kuifungua injini ya pikapu kabla ya Jumamosi," nilipanda basi na nyundo yangu.

Pikapu ya marehemu baba ilikuwa imelala uani mwaka wa tatu. Kutu ilikuwa imetoboa milango, kuku wanataga kwenye kiti, na injini imeganda, haizunguki hata kidogo. Kaka yangu mkubwa alishakubaliana na watu wa vyuma chakavu waje Jumamosi waikate vipande. Mama alimwambia jambo moja tu: "Ikiwaka kabla hawajaigusa, inabaki." Kaka akacheka, akakubali. Nani asingekubali?

Baba alikuwa na sifa mji mzima. Miaka yake ya mwisho macho yalimsumbua, lakini karakana yake ya mabati pale nyumbani haikufungwa. Watu walisema anatengeneza kwa kupapasa. Mimi mwenyewe nilijigamba sana kwa wachimbaji wenzangu kuhusu mikono ya mzee yule.

"Shikamoo, mayu," nilimwamkia mama.

"Marahaba, mwanangu. Hiyo nyundo ya nini?"

Nikamwonyesha ya nini. Nilifunua boneti, nikachukua spana kwenye sanduku la baba, nikaibana kwenye plagi ya kwanza. Spana ilikuwa imevimba kutu, ikateleza. Nikagonga. Plagi ikavunjika kichwa, kipande kikabaki ndani. Niliitukana matusi ya duarani, na mama yangu kasimama pale pale!

"Hapa si mwambani," alisema. "Anza na spana."

Akaingia jikoni, akatoka na sufuria la bushishi, ukwaju ule ule tunaoutia kwenye uji, akatumbukiza spana zote humo. Nilidhani upweke umemchanganya akili.

"Mayu, tuna siku tano, wewe unaloweka spana?"

"Simba mwenda pole," alinijibu, wala hakumalizia.

Jumatano tulizitoa. Maji yalikuwa yamegeuka meusi, na tulipozisugua kwa gunzi na majivu, loh! Chuma kilitoka kimetakata, namba zinasomeka. Niligeuzageuza ile namba kumi na mbili mkononi kama mtu aliyeokota jiwe la maana. Mafundi wa kwetu hutia alama vyombo vyao visipotelee kwa majirani, na alama ya baba ilikuwa nukta moja iliyogongwa kwenye mpini. Lakini spana nyingi zilikuwa na nukta mbili. Nikauliza kwa nini.

"Sugua kwanza," mama alisema.

Kisha akaigeukia ile plagi niliyoivunja. Aliimiminia mafuta, akasubiri, akakibana kipande kwa koleo, akaizungusha mbele kidogo, akairudisha nyuma, tena mbele. Ikatoka yote. Akamimina dizeli na oili kwenye matundu ya plagi, na asubuhi na jioni akawa anaweka spana kwenye nati ya mbele ya injini, anaisukuma taratibu huku ameinamisha sikio. Nilimtazama nimeachama. Mwanamke huyu nilimjua kwa mwiko na jembe tu. Ijumaa jioni injini ilisogea upana wa kidole, na nilishangilia mpaka jirani akachungulia.

Jumamosi, injini ikiwa imeshakubali kuzunguka, watu wa vyuma walifika na mtungi wao wa gesi ya kukatia, kaka akiwatangulia. Mama alikuwa ameshafunga plagi mpya na betri ya kuazima, bado anafunga karabureta. Wakaanza kunyoosha mpira wa gesi.

"Washa," akaniambia.

Nikazungusha ufunguo. Ikakohoa, ikazima. Mama akazungusha skrubu moja, robo tu. "Washa tena." Moshi mweusi ukajaa uani, kuku wakatawanyika, injini ikashika! Ikatulia, ikanguruma kwa adabu.

Kaka akavua kofia. "Mikono ya baba hii," alisema, machozi yakimlenga. "Hata kaburini bado anatushinda."

Mimi nikaitikia kwa kichwa. Mama akanyoosha mkono dirishani, akazima injini. Alichukua ile namba kumi na mbili, akaiweka kwenye kiganja cha kaka.

"Baba yenu alikuwa haioni hata nati," alisema. "Miaka saba. Alikaa mlangoni akiongea na wateja, mimi nikiwa chini ya gari. Zenye nukta moja zake. Zenye mbili zangu. Injini hii niliifunga mimi, ndiyo ya mwisho. Mngeikata, mngekata kazi yangu."

"Mbona hukusema, mayu?" nikauliza.

"Wateja walimtaka yeye. Na yeye alihitaji kutakwa."

Watu wa vyuma walikunja mpira wao. Mimi niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Miaka yote ile nilijigamba kwa mikono ya mtu mwingine kabisa, na mwenyewe alikuwa ananipakulia ugali.

Nikapiga goti kwenye oili iliyomwagika.

"Shikamoo, fundi."

Alifuta mikono kwenye khanga.

"Marahaba," akasema. "Nipe namba kumi."