Godoro la Otonglo

Nangila alihamia Kisumu kutoka Mbale akiwa na binti wa miaka minne, cherehani ya mkono na mfuko mmoja wa nguo. Huko Uganda alikuwa fundi, mpaka barabara ilipopanuliwa na kibanda chake kikabomolewa. Alipanga chumba cha mabati karibu na soko la Otonglo, na kwa miezi miwili ya kwanza alikijaza vitu vilivyowachosha watu wengine.

Hakuwa mgeni wa mitumba. Kwao wanaiita mivumba, na tangu usichana alijua kupekua rundo mpaka chini, kunusa makwapa ya blauzi na kuacha iliyomshinda. Lakini blauzi utaifua. Vyombo vya nyumbani ndivyo vilivyomtia kichefuchefu. Alinunua birika la umeme kwa bei ya bure, akalichemshia siki mara tatu, na bado chai ilinuka samaki. Alinunua kabati dogo. Alipovuta droo alikuta kucha zilizokatwa, kucha nene za mtu mzima, zimejaa kwenye kona. Alizizoa kwa gazeti huku amegeuza uso.

"Mama Debra, wewe una roho nyepesi," alisema Benta, jirani yake muuza omena, wale dagaa wa ziwani. "Sasa ulifikiri droo ilikuwa ya malaika?"

Benta huyo huyo ndiye aliyemtafutia kazi. Ndugu yake, Oketch, aliuza magodoro pale sokoni na alitaka fundi wa kushona kava. Kila Jumatatu alileta kitambaa cha buluu chenye maua meupe. Nangila alishona nyumbani, akiacha upande mmoja wazi, na Ijumaa Oketch alikuja kuzichukua. Zilikokwenda kujazwa Nangila hakuuliza. Alimshukuru Mungu kwa kazi.

Walikuwa bado wanalala juu ya magunia, yeye na Debra. Mvua zilipoanza na sakafu kuwa baridi, alikwenda kwa Oketch kutafuta godoro.

"Hili lilitoka kwa wazungu waliorudi kwao," Oketch alimwambia, akilipiga kofi. "Halijatumika hata mwaka. Mimi niliweka tu kava mpya."

Nangila alipitisha kidole kwenye mshono na kuutambua mkono wake. Alijisikia fahari kidogo, kazi yake imelala pale juu ya meza watu wakiiona. Wakabishana bei, Oketch akapunguza kwa sababu ni mtu wao, na Nangila akalibeba kichwani mpaka nyumbani.

Siku ya kwanza lilinuka dawa ya sakafu. Siku ya tatu jua liliwaka, mabati yakapata moto, na mchana huo Debra alilala juu yake bila shuka. Alipoamka shavu lake lilikuwa na unyevu wa rangi ya chai. Nangila alidhani ni jasho. Alilifuta kwa kidole, akanusa, na mate yakamjaa mdomoni.

Alimwosha mtoto kwa sabuni mara mbili, kisha akachukua mkasi na kufumua.

Ndani hamkuwa na godoro. Mlikuwa na vipande vya sponji vya kila rangi vilivyogandishwa kwa gundi. Kimoja kilikuwa cha kahawia, mikojo juu ya mikojo, duara ndani ya duara. Kingine kilikuwa na damu iliyokauka ikawa nyeusi. Bandeji ya kidonda ilikuwa imebanwa katikati, usaha wake umeganda kama ukoko wa uji, na nywele za watu zimejisokota humo. Kunguni walikuwa wamejipanga kwenye mshono, mshono wake yeye, wamenona.

Nangila alitapika mlangoni. Kilichomrudia tumboni kila alipodhani amemaliza ni zile kava. Alijaribu kukumbuka ameshona ngapi, akafika hamsini, akaacha.

Benta alikuja kuona kulikoni. Alilitazama lile godoro lililopasuliwa. Halafu akaomba mkasi, akaingia kwake. Godoro lake Benta alikuwa amepewa na Oketch kama zawadi, alipojifungua mtoto wake wa mwisho. Nangila alisikia kitambaa kikichanika ng'ambo ya ukuta, kisha Benta akitema mate.

"Shika upande huo," Benta alisema alipotoka, akiburuta la kwake.

Waliyaburuta yote mawili mpaka sokoni na kuyalaza wazi mbele ya meza ya Oketch, juani. Inzi walifika kabla ya watu. Oketch hakupandisha sauti.

"Mama, tangu nikupe kazi umelala njaa siku moja?" alimwuliza Nangila. "Watu wanatupa, mimi naokota. Hata huko kwenu ni hivyo."

"Mtoto wangu amelala na usaha wa mtu," Nangila alisema.

"Si umeosha?"

Benta alimtazama ndugu yake kama mtu aliyekanyaga kitu akiwa pekupeku. "Mimi nilimnyonyeshea mtoto hapo juu, Oketch," alisema. "Miezi minane."

Watu walikuwa wameziba pua. Mwanamke mmoja aliyekuwa amekwisha lipia godoro aliomba pesa zake, na wengine wakarudi makwao kuangalia yao. Oketch alimrudishia huyo zake, na Nangila pia, akifunga meza yake polepole, bila aibu yoyote usoni. Mwezi uliofuata walisikia anauza magodoro huko Kombewa siku za soko, na kwamba kuna fundi mwingine anayemshonea.

Nangila sasa anarekebisha nguo kwenye kona ya soko. Akina mama wakipata sofa au mto wa bei nafuu humwita aje akague, kwa sababu haoni haya kufumua. Hufika, akafumua, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akawaambia alichokuta. Chai wanayomkaribisha baadaye hawezi kuinywa. Hurudi kwake kwanza, akanawa mpaka ngozi ya vidole ikunjamane, na bado akileta tonge mdomoni hulinusa.