Usimwachilie Mpaka Anywe Maji

Nilipokuwa mtoto kwetu Baraka, kando ya ziwa, ardhi ikitetemeka kila mtu alikuwa na kazi yake. Jirani yetu mwalimu alitoka mbio na redio kwapani, utadhani nchi ikizama atahitaji habari. Mama mmoja wa ng'ambo ya njia aliepua sufuria ya maharage kwanza, ndipo akakumbuka watoto. Sisi watoto tulilala kifudifudi tukicheka, maana tetemeko dogo linatekenya tumbo. Koko wangu, mama mzazi wa baba, yeye hakukimbia. Alikaa palepale akatoa amri, na kwa kila jambo la dunia hii alikuwa na mwiko wake tayari.

Mwaka ninaousimulia, mama alikuwa na mimba kubwa. Kabla ya hiyo alikuwa amezika watoto wawili, wote kabla hawajaota jino. Halafu siku moja akamsikia shangazi Riziki, dada ya baba tuliyeishi naye ua mmoja, akimwambia mtu nyuma ya jiko, juu ya mtoto wa tumboni: "Na huyu naye atatupita tu, sawa bale bengine." Ulimi hauna mfupa, jamani! Tangu siku ile hawakusemeshana tena. Kila mmoja na mafiga yake, kila mmoja na sombe yake, mboga ileile ya majani ya muhogo. Mimi ndiye niliyebeba maneno. "Sifa, ambia shangazi yako atoe kikapo yake pale." Na shangazi mwenyewe amesimama hapohapo, anasikia kila kitu.

Mwishowe mama akaamua kwenda kuzalia kwao, Kilembwe. Mwenye pikipiki alishaagizwa aje asubuhi. Baba alibembeleza hadi akachoka, akaenda zake ziwani kuvua. Njia ile ya mashimo, kwa tumbo lile! Koko alilia waziwazi. Nami nilijua kitu ambacho hakuna mtu mzima aliyekitamka mbele yangu: mama akipanda pikipiki ile, huenda mtoto asifike, na huenda mama mwenyewe asirudi kwetu tena. Mimi nilitakiwa kubaki kwa sababu ya shule.

Mchana wa siku ya kuamkia safari, mama alikuwa mkekani akikunja vikwembe, vitenge vyake vya safari. Shangazi alikuwa upande wa pili wa ua akigeuza ndagala juani, amempa mgongo. Mara mabati yakaanza kulia. Wale samaki wakavu wakarukaruka juu ya turubai kana kwamba wamefufuka. Mama akainuka ghafla kunitafuta, akayumba.

"Riziki, mushike!" Koko alipiga kelele. "Mushike kiuno!"

Shangazi aliacha ndagala zake akamkumbatia mama kwa nyuma, mikono yote miwili juu ya tumbo. Nchi ilitikisika tena kidogo, kisha ikatulia. Mama akasema, bila kugeuza shingo, "Basi. Uniachilie."

"Hapana!" Koko sasa alikuwa amesimama. "Inchi ikitikisika na mwanamuke iko na mimba, mwenye amemushika hamwachilie mpaka anywe maji yenye mukubwa wa nyumba ameleta. Ukimwachilia mbele ya pale, mutoto anageuka mu tumbo!"

Mwanamke aliyezika wawili habishani na neno kama hilo.

Mimi nilikimbilia bidoni, dumu la maji lililojaa pale mlangoni. Koko akanidaka mkono. "Ile imetikisika pia. Inatakiwa maji yenye imetulia. Twende ku bomba."

Basi tukaenda. Lo, koko yule! Siku nyingine alikuwa akituacha nyuma sisi wajukuu, lakini siku ile miguu ilimuuma yote miwili. Njia nzima watu walikuwa nje wakiulizana, "Mumesikia?" "Tumesikia!" Ikawa ndiyo salamu. Mwalimu alikuwa akieleza kwamba ni volkeno ya Goma inakohoa. Mwinjilisti alisema ni siku za mwisho, tutubu. Yule mama wa maharage ndiyo kwanza alikuwa akihesabu watoto wake, mmoja mmoja. Koko alisimama kwa kila mmoja wao. Aliuliza hata habari za mbuzi.

"Koko, fanya haraka, mutoto atageuka!" Nilikuwa nalia kweli, machozi na kamasi.

"Haraka ya nini, mama? Si iko na mwenye kumushika?"

Tuliporudi tuliwakuta wamekaa mkekani. Vikwembe vimetawanyika, na mama ameegemea kifua cha shangazi, macho ameyafumba. Shangazi uso wote umelowa. Alikuwa akisema polepole, nikasikia mwisho tu: "Unisamehe, wifi. Ilikuwa woga. Na miye nililia bale batoto." Halafu shangazi akashtuka. "Yoo! Anapiga! Mama, iko anapiga mu mukono yangu!"

"Bado," mama akasema. "Ngojea mangaribi, utaona vile anacheza."

Lilikuwa neno la kwanza la upole nililomsikia akimwambia shangazi tangu siku zile, na mimi nilifurahi hadi nikamwaga nusu ya maji. Koko mwenyewe akachukua kikombe akamnywesha mama. Hata baada ya hapo shangazi hakuondoa mikono upesi.

Asubuhi mwenye pikipiki alipewa chai, akarudi bila mzigo. Ndugu yangu alizaliwa Baraka, akapokewa na mikono ya shangazi Riziki. Leo ana ndevu na maneno mengi.

Nimekua, nimeolewa, nimeuliza. Wazee wa Fizi, wazee wa Lulimba, hakuna aliyewahi kusikia mwiko ule wa maji. "Hiyo ni ya kwenu nyumbani," wananicheka. Koko alishatutoka, Mungu amlaze pema, na sikuwahi kumuuliza.

Juzi nchi ilitikisika tena kidogo. Vijana walishika simu kabla ya kushika mlango, wote wakiandikiana "Mumesikia?" Nilikuwa kwa mama, ambaye siku hizi ndiye koko wa watoto wangu. Tulitoka tukakaa nje hadi mabati yatulie. Nikamwambia, "Mama, siku ile Koko aliwadanganya."

"Najua. Nilijua palepale."

"Sasa mbona ulikubali kukaa vile?"

"Tangu bale batoto bawili, bantu baliniogopa. Bamama balikuwa bananisalimia mbali, sawa vile niko na ugonjwa. Ata baba yako alikuwa ananigusa na woga. Riziki njo wa kwanza kunishika na nguvu." Akacheka, huku akijifuta macho kwa ncha ya kikwembe. "Wakati mulikuwa ku bomba, alisema mikono imechoka, aniachilie kidogo tu. Mi nikamukamata vidole. Nikamwambia: hapana, mama amekataza."

Miaka yote nimekuwa nikisimulia jinsi Koko alivyowadanganya wanawake wawili watu wazima, na watu wanacheka. Sasa nikisimulia nasema tu kwamba aliona mama yangu anahitaji kushikwa, akamtafutia sababu.