Unga kwenye Uso wa Mihambo

Sikutaka kwenda. Padri mmoja aliyezoea kuniona nikiandika vibao vya maduka pale Kanyenye, mjini Tabora, alinibembeleza, na mimi kumkatalia mtu uso kwa uso sijui. Kanisa la misheni moja upande wa Usoke lilikuwa limepasuka ukuta wa mbele, na ukuta huo ungebomolewa wiki ileile. Juu ya mlango wake palikuwa na nyuso nne za mawe, kazi ya mwashi wa kijijini ambaye sasa ni marehemu. Padri alitaka nizichore kwa rangi za maji kabla nyundo hazijafika. Nilikuwa ndiyo kwanza natoka kwenye homa, magoti hayajakaa sawa, na jua la mwisho wa kiangazi lilikuwa limekausha hata hamu ya kula.

Stesheni ya Tabora, asubuhi. Behewa la daraja la tatu lilijaa magunia na watu waliolala juu ya magunia. Nilikipakata kisanduku changu cha rangi hadi Usoke, maana pa kukiweka hapakuwapo, na niliposhuka mapaja yalikuwa yamekufa ganzi.

Kutoka Usoke ni kwa miguu, kwa njia ya zamani ya misafara. Babu yangu Mzaramo alipanda njia hizi kutoka pwani na mtumba wa nguo begani, akafika Tabora, akaoa, akasahau kurudi. Mimi mjukuu wake nilibeba kisanduku na karatasi tu, na nilipumzika kila nilipoona kivuli. Vivuli vyenyewe vilikuwa vichache, kwa kuwa miyombo ilikuwa imepukutika na vumbi lilikuwa jekundu hadi ndani ya masikio.

Nilifika misheni jua likiinama. Alinipokea katekista, Kalisti, mzee mwembamba mwenye sauti ya upole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Pole na njia. Kabila gani wewe?"

"Nimezaliwa Tabora, ila asili yetu Wazaramo."

Uso wake ukachangamka. "Mzaramo! Kumbe tumeletewa mtani. Basi leo utalala njaa."

Nililala nimeshiba ugali na kuku, isipokuwa paja la kuku Kalisti alilichukua kutoka sahani yangu akalitafuna mbele ya macho yangu. Kwa utani wetu na Wanyamwezi, ukinuna umeshindwa; hata msibani mtani ndiye huchimba kaburi na kuchekesha wafiwa. Sikuwa na nguvu hata za kununa.

Kabla sijaendelea, niwaambieni jambo ambalo mimi nililijua nimeshachelewa. Mwashi yule aliagizwa achonge malaika. Malaika hakuwahi kuwaona, basi akachonga watu aliowajua. Uso wa nne ulikuwa wa Mihambo, rafiki yake, aliyechukuliwa upagazi katika vita vya Mjerumani asirudi. Mkewe, Mama Katarina, hakukubali kwamba amekufa. Matanga hayakuwekwa. Kila mwaka, Siku ya Marehemu ikikaribia, Kalisti alimwendea kumuuliza kama jina la Mihambo lisomwe kanisani pamoja na ya wafu, na kila mwaka mama alijibu, "Yuko njiani." Akipita mlangoni huinua macho, kisha huingia kusali. Sasa ukuta ungeanguka, na sura ile ndiyo pekee iliyobaki ya mumewe.

Siku ya pili nilichora nyuso tatu. Kazi ya rangi za maji kiangazi ni mateso. Rangi hukauka kwenye brashi kabla haijagusa karatasi, na maji yenyewe huchotwa mbali. Mama Katarina ndiye aliyeniletea kibuyu, akakitua chini ya ngazi.

"Wa nne utamchora lini?" aliuliza.

"Kesho, mama, Mungu akipenda. Huyo mistari yake imelika."

"Usimwache," alisema, akaenda zake.

Nilidhani ni mama anayependa kanisa lake.

Siku ya tatu, asubuhi, uso wa nne ulinishinda. Mvua za miaka mingi zilikuwa zimeulamba, na mwanga uliupiga bapa, pua haionekani wala mdomo. Nikakumbuka ujanja wa wachonga mihuri wa mjini, wa kusugua unga kwenye mikato ili ionekane. Nilituma mtoto kwa Mama Katarina kuniombea unga, nikaletewa kikombe cha unga wa mtama. Nikapanda ngazi, nikausugua kwa kidole gumba kwenye macho, kwenye mashavu, kwenye midomo. Mtu akatokea. Nilifurahi kwa mara ya kwanza tangu Tabora.

Nilipogeuka, Mama Katarina alikuwa chini yangu na kibuyu cha maji kichwani. Alikitua polepole, hakumwaga tone.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, mama. Nilitaka mistari ionekane."

"Imeonekana."

Akakaa chini, pale pale vumbini. Wanawake waliokuwa wakipita wakaja wakakaa naye bila kuulizana. Kalisti alifika akihema, akautazama ukuta, akanivuta pembeni.

"Baba, hapa kwetu unga wa mtama tunawapa waliotangulia. Kanisani hatufanyi, lakini macho hayajasahau." Ndipo aliponieleza habari za Mihambo.

Nikalowesha kitambaa, nikashika ngazi.

"Usimpanguse," Mama Katarina alisema. "Unataka afe mara mbili?"

Kalisti akakohoa. "Angekuwa mtu mwingine, leo tungekalishana baraza. Lakini huyu, Mama Katarina, ni Mzaramo."

Mama akanigeukia.

"Kumbe mtani amekuja kuzika," alisema. "Tena amechelewa, kama kawaida yao."

Wanawake wakacheka. Katika kicheko kile kile sauti moja ikapasuka, ikawa kilio, na wengine wakaipokea. Yeye alilia mwisho. Kisha akajifuta kwa kanga. "Kalisti, mwaka huu jina lake lisome. Na wewe, mchore hivyohivyo."

Nilichora. Alisimama nyuma yangu akiifuata brashi.

"Mbona unga huupaki?"

"Nyeupe sina, mama. Penye unga naiacha karatasi ilivyo."

"Haya. Iache."

Jioni mafundi waliokuja kubomoa ukuta walilishusha jiwe la Mihambo zima, vijana wakalichukua begani hadi uani kwa Mama Katarina. Pale ndipo Kalisti alipoingia ndani akatoka na jembe, akanikabidhi.

"Mgeni siku mbili," alisema.

Hakumaliza, na hapakuwa na haja. Nilichimba kwa magoti yangu yale ya homa, katika ardhi ngumu kama tofali, huku wanawake wakinisimanga kwamba Wazaramo hujua kula tu. Tulimlaza Mihambo uso juu, na unga wake. Kalisti akasali, mama akatupia udongo wa kwanza.

Njia ya kurudi siikumbuki vizuri. Ninachokumbuka ni kwamba sikulalamika tena, hata moyoni. Nilikuwa nimetembea siku moja nikajiona nimechoka, na kumbe nilikuwa nakunywa maji ya mtu aliyechoka tangu vita, na hakuwahi kulisema.

Tabora, padri alizitandaza picha mezani. Tatu alizisifu. Ya nne aliishika, akaisogeza dirishani.

"Huyu mbona hukummaliza?"

Nilimfungulia viganja, akayaona malengelenge ya jembe.

"Tulimmaliza, padri," nilimwambia.