Taya la Shangazi

Katika duka la dawa pale mtaani Panda, mama mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni, ameshika shavu, alimwambia muuzaji bila kuachanisha meno: "Papa, taya iko inauma. Samedi mutoto wa kaka yangu anaolewa, na ni minye shangazi ntaanzisha impundu, bile vigelegele vya ndoa."

Muuzaji akampa vidonge vya kutuliza uvimbe. "Kula kwanza, mama, njo umeze. Na usifungule kinywa sana."

Jumamosi hiyo nilijialika harusini. Bibi harusi alipotoka, wanawake wote walinyamaza wakimtazama shangazi, maana hakuna anayemtangulia kupiga kigelegele. Akalishika taya kwa mikono miwili, akafungua kinywa polepole. Kigelegele kikapanda, chembamba, kisichotetereka, nywele zikanisimama.

Muuza dawa naye alikuwepo, kinywa wazi kuliko alivyomruhusu mteja wake.