Mashua ya Saruji Uani kwa Glenys

Mtaani kwetu, katika mji wa bandari wa Whangarei, walimwita Glenys "mke wa mashua", naye hakukasirika. Miaka yote tuliyotenganishwa na ua wa mbao tu, sikumbuki kumwona bila koleo mkononi. Yeye na mumewe Athol walikuwa wakiunda mashua ya tanga uani kwao, mashua ya saruji, kama walivyofanya wengi miaka ile ya sabini. Unasimamisha mifupa ya nondo, unaifunika kwa tabaka za seng'enge, unazifunga kwa waya fundo baada ya fundo, kisha unapiga lipu. Athol alichora na kupima. Kufunga waya ilikuwa kazi ya Glenys, na vidole vyake vilichanika mpaka akaacha kuvaa pete ya ndoa. Nia yao ilikuwa kuiuza nyumba na kuishi majini, leo bandari hii kesho ile, mpaka uzee uwakute huko huko. Nilimwambia waziwazi kwamba ni wazimu.

"Una wivu tu, Nola," alinijibu. "Nitakuletea nazi kutoka visiwa vya Tonga."

Siku ya lipu ndiyo inayompandisha mtu presha. Mashua nzima inapigwa siku hiyo hiyo bila kukatisha, kwa sababu saruji mpya haishikani vizuri na iliyokwisha kukauka. Mtaa mzima ukaitwa. Sisi wanawake tulikuja na sahani zetu za pai na keki, kila mwanamume na mwiko wake. Makreti ya bia yalifungiwa bafuni nikapewa mimi ufunguo, maana lipu na bia havikai pamoja. Walioingia ndani ya mashua walitakiwa kusukuma saruji ipenye seng'enge mpaka itokeze nje, na walio nje walainishe tu. Ukipaka nje mapema, hewa inanaswa katikati na panabaki pango. Maji ya chumvi yataingia humo na kuzila nondo taratibu, na siku moja, mbali na nchi kavu, patabomoka.

Mchana ukavuma upepo mkavu, saruji ikaanza kugumu kwenye ndoo. Athol alipagawa.

"Pakeni nje! Pakeni, jamani, inatukaukia!"

Glenys alikuwa ndani, kalala ubavu kule omo, mbele kabisa, pembeni mwa mkuku, ule uti wa chini wa mashua, anasukuma.

"Bado!" alipiga kelele. "Athol, huku bado haijapenya!"

Mashine ya kuchanganya ilikuwa ikinguruma. Mimi nilimsikia kwa kuwa nilikuwa nampelekea maji. Nikamwita Athol mara mbili, akanipungia mkono kana kwamba anafukuza nzi. Wanaume wakapaka. Jua lilipozama nikafungua bafu, watu wakanywa na kuimba, wakambeba Athol juu juu naye akilia kwa furaha. Glenys alikaa kwenye ngazi bila kugusa hata keki.

"Iligoma, Nola. Niliisukuma ikanirudia usoni."

"Si umwambie mumeo?"

"Leo? Hebu mwangalie alivyo."

Kesho yake hakumwambia, wala wiki iliyofuata. Mashua ilifunikwa magunia yaliyolowa, maana saruji isipokunywa maji ya kutosha inapasuka, na Glenys aliyamwagilia asubuhi na jioni. Alikonda. Nyumba ilikuwa imekwisha uzwa, wenye nyumba wapya wangehamia Pasaka. Alikuja jikoni kwangu akawa anazungusha kikombe cha chai mpaka kinapoa.

"Nikisema, namvunja moyo. Nisiposema, tunazama."

"Sasa unangoja nini?"

"Sijui. Naogopa, Nola. Naogopa yote mawili."

Wageni ndio waliomtesa zaidi. Kwetu mwanamume akiiona mashua ya saruji lazima aigonge kwa kifundo cha kidole asikilize. Ikilia kama kengele, ni nzima. Athol aliwashika mkono akawapeleka wote nyuma, kwenye tezi. "Gonga hapa, bwana! Sikia hiyo!" Nami nilidhani ni majivuno tu, maana tezi ilikuwa imelainishwa vizuri kuliko kwingine.

Magunia yalipoondolewa, siku chache kabla ya winchi kuja kuibeba mashua, Glenys alitoka bandani na nyundo. Nilikuwa naanika nguo, nikaziacha. Alianzia tezini, akaja taratibu akigonga, na kila pigo lililia vizuri mpaka nikaanza kupumua. Alipofika omo, sauti ikabadilika. Puu. Akarudia. Puu. Akainua nyundo kwa mikono miwili akapiga kwa nguvu, kikaruka kibanzi tu.

Athol alikuwa amesimama mlangoni. Nilijua atapiga kelele.

"Kushoto kidogo," alisema. "Halafu chini."

Glenys alimtazama. Kisha akapiga pale alipoambiwa, na kipande kikubwa kikaanguka. Ndani hamkuwa na kitu ila seng'enge, na mafundo yake ya waya, safi, hayajaguswa na saruji.

"Umejua tangu lini?"

"Siku ile ile. Waliponishusha, watu wakiwa bado wanaimba, nilipita nikagonga."

"Na ungenipandisha humu, Athol."

Athol alikaa chini kwenye vifusi. Aliyapapasa yale mafundo kwa kidole.

"Na wewe ulikuwa ndani, Glen. Ulijua kabla yangu. Ungepanda?"

Nilishika ua kwa mikono miwili. Nilitaka aseme hapana.

"Ningepanda," alisema Glenys, na hapo ndipo alipoanza kulia.