Kumsindikiza Mgeni kwa Pikipiki

Nilikuwa mpweke. Nilikana kwa miaka mingi. Aliyeniuliza habari nilimjibu, "Niko bize," kwa sauti ya mtu anayetangaza kwamba amepandishwa cheo, na kwa kweli pale chuoni hakuna aliyenishinda kwa mikutano.

Rafiki yangu wa kanisani, fundi wa nguo anayeishi mtaa wa Langas, alikuwa akija kwangu kila Jumapili baada ya ibada. Sote wawili tulitoka upande wa ziwa tukaja Eldoret kutafuta kazi. Kwetu mgeni huagwa barabarani, si mlangoni. Unatembea naye, mnasimama, mnaanza mambo mapya kabisa. Lakini mitihani ya wanafunzi ilikuwa ikinisubiri mezani, nami nikavumbua njia ya kisasa: chai ikiisha, namwitia boda aje kumchukua langoni. Nilijiona mkarimu. Baridi yote hii, matope yote haya, na mwenzangu anabebwa kama bibi harusi!

Akaacha kuja. Nilipokutana naye nje ya kanisa nikamchokoza, "Mama, umepotea."

"Sijapotea, Mwalimu. Nimechoka kufukuzwa kwa pikipiki."

"Kufukuzwa? Si nilikuwa nakusaidia!"

"Kikombe bado kina joto, boda anapiga honi. Hata polisi hungoja mtu avae viatu."

Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikarudi kwenye mitihani yangu na kugundua kwamba hayo ndiyo mazungumzo pekee niliyokuwa nayo wiki nzima yasiyo na ajenda.

Jumapili iliyofuata nilimtembelea Langas. Jioni alinisindikiza hadi kwenye lami. Nikamrudisha nusu ya njia. Akanigeuza tena. Hapo, karibu na mama anayechoma mahindi, ndipo aliponiambia kwamba mumewe alikuwa amehamia kwa mwanamke mwingine tangu kabla ya Krismasi.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja tufike barabarani," akasema. "Hatukufika."

Sasa anakuja tena, nami namsindikiza kwa miguu, mitihani ipende isipende. Jumapili iliyopita tulikuwa tumesimama njiani tukimsengenya mumewe kwa raha zetu, simu yangu ikalia. Mkuu wa idara. Ile nafasi ya kusimamia masomo ya wikendi, niliyoiomba mwenyewe na kuibembeleza, ilikuwa yangu. Kazi yenyewe ingekuwa Jumapili alasiri.

"Jumapili siwezi," nikasema.

"Una nini Jumapili, Daktari?"

"Namsindikiza mgeni."

"Sawa. Basi ukimaliza kumsindikiza, nipigie."

Nilimtazama rafiki yangu. Alikuwa ameegemea ua wa watu, mkoba wake begani, hana haraka yoyote.

"Huwa hatumalizi," nikamjibu mkuu wangu. "Mpe mtu mwingine."